Mgeni wa Mama

Ukumbi wa chini wa hospitali ulikuwa umefurika watu asubuhi ile lifti ilipogoma. Mfamasia, binti mrefu mwenye msuko mmoja uliofika kiunoni, alisimama na maboksi matatu ya dawa mikononi.

"Fundi, itapona leo au nimwite daktari?"

Fundi wa lifti alitoa kichwa mlangoni, grisi puani. "Daktari ndiye mimi. Mgonjwa tu ni mkaidi."

Akampokea maboksi, wakapanda ngazi ghorofa sita wakitaniana. Walipofika juu, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Walipendana miezi minane. Jambo moja lilimkera fundi: hakuwahi kupelekwa nyumbani.

"Kwetu ni Wahindu, mpenzi, na Mama hana haraka. Nipe muda."

Akampa. Hadi jioni moja alipopiga simu, ikapokewa na Mama mwenyewe.

"Hawezi kuzungumza sasa, mwanangu. Ameshavaa. Tunangoja mgeni, nyumba nzima tumeipamba."

Fundi akakata simu. Mgeni gani kama si mchumba? Akavaa shati lake jeupe, akaenda aambiwe usoni.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Mlango ulikuwa wazi. Vibatari vya udongo vilipangwa kuanzia kizingitini hadi ndani, kila kimoja na kiulimi cha moto kilichotulia. Moshi wa udi ulipanda polepole na kuelea darini. Sakafuni zilichorwa kwa unga nyayo ndogondogo, zote zikielekea ndani. Maneno makali aliyoyapanga njia nzima yakamtoka kichwani.

Mpenzi wake akatokea, sari nyekundu, bangili zikilia. "Wewe! Umefuata nini?"

"Huyo bwana," fundi alinong'ona. "Nionyeshe."

"Bwana yupi?" Kisha akaelewa, akaziba mdomo asicheke. "Mgeni ni Lakshmi, mjinga wangu! Mungu wetu wa kike, mleta neema. Jioni ya leo anapita majumbani."

"Na mimi nimekuja kumgombeza."

Alivua viatu, akapita kandokando ya ukuta asikanyage zile nyayo za mgeni. Mbele ya sanamu iliyozungukwa na maua, Mama alikuwa akizungusha sinia lenye miali ya moto, akiimba, kengele ndogo mkononi. Fundi hakuelewa hata neno moja, lakini nywele zilimsimama.

Wimbo ulipokwisha, Mama akamjia na sinia.

"Wewe ndiye wa simu."

"Ndiye mimi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umeduwaa?"

"Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Binti akapitisha viganja juu ya moto, akavipeleka machoni. Fundi akamwiga. Joto lile likamgusa kope, machozi yakamtoka.

"Mama, naomba kumuoa binti yako."

"Ungeniuliza mimi kwanza!" binti akaruka.

"Unakubali?"

"Tangu kwenye zile ngazi."

Mama akamkabidhi fundi bakuli la samli.

"Vibatari vya mlangoni vinakaribia kuzimika. Ongeza taratibu, usiguse utambi. Kuanzia leo, kila mwaka hiyo ndiyo kazi yako."

Fundi akapiga magoti kizingitini, bakuli mikononi, akiogopa hata kupumua.