Rubani Kiongozi

Simu iliita ndege ikiwa hewani.

Kipanga hakuitazama. Alikuwa amesimama chini ya mnara wa umeme wa msongo mkubwa, rimoti mikononi, macho kwenye skrini. Juu kabisa, droni yake aina ya DJI Matrice ilikuwa inakagua vikombe vya kaure vinavyoshikilia nyaya, kimoja baada ya kingine. Upepo ulikuwa wa kichokozi. Akaishusha taratibu. Ikagusa chini, mapanga yakasimama.

Ndipo akapokea.

“Shangazi, shikamoo.”

“Marahaba. Kuna harusi, umealikwa.”

“Ya nani?”

“Ya yule mwalimu wako wa zamani. Kuna mgeni alitangulia. Hajarudi.”

Simu ikakatika.

Shangazi hakuwa shangazi yake. Alikuwa mkuu wa operesheni katika Idara ambayo haina kibao mlangoni. Harusi maana yake kazi. “Hajarudi” maana yake hajarudi.

Kipanga alipakia ndege yake sandukuni. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kurusha. Enzi hizo Kipanga alikuwa msichana wa kupiga picha za maharusi kutoka juu, akigombana na miti na waya za nguo. Mwalimu akamwambia ana mkono mwepesi, asiuzike kwenye mapambo na keki. Akamsukuma afanye mtihani wa leseni. Kutoka hapo akavuka mpaka, akasoma sheria za anga za nchi ya pili, akapima migodi. Nchi ya tatu ikamkabidhi minara ya umeme. Kila nchi ilimrudisha darasani kama mtoto, na kila nchi alifaulu.

Idara ilimwona katikati ya safari hiyo. Mtu mwenye masanduku ya droni huvuka mipaka bila kuulizwa sana, na hulipwa kutazama watu kutoka juu. Hakuhitaji kuigiza. Kazi ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana kificho kilikuwa kizuri.

Barua ya kazi ilimfikia wiki hiyohiyo. Kampuni ya kunyunyizia mashamba dawa. Mshahara mnono. Cheo: rubani kiongozi.

Aliyeitia saini alikuwa Mwalimu mwenyewe.

*

Uwanja wa kampuni ulikuwa nje ya mji, umezungushiwa mabati marefu. Ndani kulikuwa na kontena moja lililogeuzwa ofisi, bweni la marubani, na droni kumi na mbili za kunyunyizia. Ndege kubwa, kila moja na tangi lake tumboni, zimepangwa mistari kama majeneza.

Getini walisimama wanaume wawili wenye Kalashnikov.

Kwa ajili ya kulinda dawa ya wadudu.

“Mwanangu,” Mwalimu alisema, akimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amezeeka ghafla. Alimsogelea karibu mno kabla ya kumtambua, kama mtu anayesoma maandishi madogo. “Karibu nyumbani.”

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekonda. Huko minarani hawakulishi?”

Akacheka. Kipanga naye akacheka. Alimpenda mzee huyu, na hilo lilimtia hofu kuliko bunduki za getini.

Kitanda alichopewa kilikuwa cha rubani aliyemtangulia, yule mgeni wa Shangazi. Uvunguni kulikuwa na buti kubwa za kazi, zimesafishwa, kamba zimefungwa vizuri.

“Za Mrefu hizo,” alisema rubani wa kitanda cha pili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, baba wa mapacha, na wote walimwita Baba Pacha. “Wanasema alipata kazi bora ng'ambo, akaondoka alfajiri.”

“Peku?”

Baba Pacha akaziangalia buti. Kisha akazima taa.

*

Asubuhi ya kazi ilikuwa shwari. Anga jeupe, upepo hakuna. Hali nzuri ya kurusha.

Land Cruiser nyeusi iliingia na kusimama pembeni. Juu ya paa ilikuwa na boksi la kijivu lenye antena fupi nne. Aliyeshuka alivaa suti kwenye vumbi lile, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Hakumsalimu mtu. Mwalimu alikwenda kumnong'oneza, wakatazama saa.

Marubani walikuwa wanne, kila mmoja na ndege tatu. Njia zilikuwa zimeshapangwa kwenye kompyuta. Kazi yao ni kusimamia tu. Kipanga alianza ukaguzi wake: mapanga, betri, satelaiti. Kisha akatafuta kitu ambacho rubani yeyote hukitafuta kabla ya kuruka. Nyumbani.

Droni ikipoteza mawasiliano haihangaiki. Inarudi pale ilipoambiwa ndipo nyumbani. Kwenye ramani huwa ni herufi moja, H ya neno “home”, na huwa iko chini ya miguu yako.

Ukurasa ule ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Akavuta pumzi. Mfukoni alikuwa na waya mweusi, kwa macho ni chaja ya simu. Mafundi wa Idara walikuwa wameutia kitu kidogo kwenye shingo, kisichojua kubisha hodi. Akauchomeka kwenye rimoti, akainama kama anayefunga kamba za viatu.

Kufuli likafunguka.

H haikuwa pale uwanjani. Ilikuwa mbali, katikati ya doa la buluu.

Bwawa.

Bwawa ambalo nchi mbili zinalinywa. Upande huu na upande wa pili, ambako yeye na Baba Pacha walizaliwa. Nchi zilizogombana kwa miaka mingi kuhusu maji yale, na mwezi uliopita tu zilikuwa zimepeana mikono.

Akatazama matangi. Akatazama antena nne juu ya gari. Mtambo wa kuvuruga mawimbi.

Yote yakamwingia kwa mpigo. Ndege zikiwa juu ya mashamba, yule mwenye suti anakata mawasiliano. Zote kumi na mbili zinakwenda “nyumbani” na kumwaga zilichobeba. Watu wanakufa kwa maelfu. Kisha wachunguzi wanatafuta kibali cha kuruka, na juu kabisa wanakuta jina la rubani kiongozi. Mgeni. Kutoka kwa jirani.

Vita vingeanza kabla ya mazishi kwisha. Na mwenye suti, bila shaka, alikuwa na bunduki za kuuza pande zote mbili.

Akapiga simu.

“Shangazi, watoto wakichoka kucheza hawarudi nyumbani. Wanakwenda kisimani.”

Shangazi alielewa mara moja.

“Wamebeba nini?”

“Kitu kinacholindwa na bunduki.”

“Vijana wangu wako ng'ambo ya daraja,” Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. “Hawatawahi. Uko peke yako, mwanangu.”

Mara ya kwanza kumwita hivyo.

*

Ndege ziliruka pamoja, kwa mvumo unaoingia mpaka kwenye meno.

Rimoti hizi za mikononi zilikuwa vinyago tu. Kilichoziendesha ndege kilikuwa kile marubani walichokiita rimoti mama, na kilikuwa kontenani na Mwalimu. Mlangoni alisimama mmoja wa wale wenye Kalashnikov.

Kipanga akamsogelea Baba Pacha.

“Kaka, Mrefu hakwenda ng'ambo.”

“Najua,” Baba Pacha alisema, bila kugeuza shingo. “Nimejua tangu nione buti. Niambie nifanye nini.”

“Betri za akiba. Moja ifuke moshi.”

Hakuuliza kwa nini. Alikwenda kwenye rafu ya betri, akachukua bisibisi, akaidunga moja kama anayetumbua jipu, akaitupa mchangani. Moshi mzito ukapanda. Kila anayefanya kazi na betri zile anajua moto wake hauzimiki kwa maji. Mlinzi akaacha mlango, akakimbilia ndoo ya mchanga huku anatukana.

Kipanga akaingia kontenani na kufunga mlango kwa ndani. Bastola yake ndogo, Walther, ilikuwa mkononi.

Mwalimu aligeuka kwenye kiti. Aliitazama bastola bila kushtuka.

“Nilihisi una kazi ya pili,” alisema. “Sikujua ni ya namna hii.”

“Sogea, Mwalimu.”

Akasogea. Kipanga akachomeka waya kwenye rimoti mama. Orodha ya ndege ikajitokeza. Ilibidi abadilishe nyumbani kwa kila moja, iwe hapo uwanjani, moja moja. Ya kwanza. Ya pili.

“Jina langu uliliandika wewe,” alisema, vidole vikikimbia.

“Walitaka jina safi. Wanafunzi wangu wote, lako ndilo lilikuwa safi kupita mengine.” Aliongea polepole, kama zamani darasani. “Macho yangu yamekwisha. Daktari amenyima cheti. Maisha yangu yote angani, nikaishia kuwabebea betri watoto niliowafundisha. Huyu bwana akaniita Kapteni.”

Ya tano. Ya sita.

“Na Mrefu?”

“Aliuliza nyumbani ni wapi.”

Ya saba. Ya nane.

Redio ya mezani ikakwaruza. Sauti ya mwenye suti.

“Kapteni. Uko tayari?”

Mwalimu aliitazama redio. Kipanga akainua Walther, akailenga kifuani pake.

“Usiguse.”

“Kapteni, jibu.”

Ya kumi. Jasho lilimwingia jichoni.

“Hutanipiga,” Mwalimu alisema kwa upole. “Nakujua.” Akanyoosha mkono na kubonyeza. “Tayari. Kata.”

Ya kumi na moja ikakubali.

Skrini ikawa nyeusi.

Hakumpiga. Aliipiga redio, ikapasuka vipande, akatoka nje mbio.

*

Mlinzi alimwona, akainua Kalashnikov. Baba Pacha alikuwa nyuma yake na beleshi. Lilitoa mlio mmoja mzito.

Kipanga akapiga goti, akalenga boksi la kijivu juu ya paa la gari. Risasi ya kwanza ikavunja kioo. Ya pili ikapita. Ya tatu ikaingia katikati ya antena, na moshi mwembamba ukatoka.

Yule mwenye suti alikuwa ameshaingia ndani. Land Cruiser ikaruka mbele, ikagonga geti, ikapotea kwenye vumbi.

Kipanga alirudi kontenani. Skrini ilikuwa imewaka. Ndege kumi na moja zilikuwa zimegeuka, zinakuja uwanjani. Moja ilikuwa inakwenda upande mwingine, peke yake, na chini yake ramani ilikuwa imeanza kuwa buluu.

Alibonyeza. Mashine ikafikiri.

Ikaendelea kufikiri.

Kisha kile kidoa kikasimama hewani juu ya ukingo wa maji, kikazunguka, kikaanza kurudi.

Mlinzi wa pili alizisikia ndege kabla hajaziona. Akatazama juu, akaona matangi yanakuja moja kwa moja kwake. Yeye alijua yana nini. Alitupa bunduki na kukimbia kuelekea shambani, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ndege zikatua kwa mistari, taratibu, matangi yamejaa, hakuna hata tone lililomwagika.

Simu ikaita.

“Gari jeusi limefika darajani,” Shangazi alisema. “Mwenyewe anasema ni mfanyabiashara wa mbolea. Tunaye.”

“Leteni watu wenye barakoa. Msiguse matangi kwa mikono.”

“Na mwalimu wako?”

Kipanga aligeuka. Mwalimu alikuwa ametoka, ameketi kwenye ngazi ya kontena, uso ameuelekeza kwenye mvumo wa ndege ya mwisho. Hakuwa anaiona. Alikuwa anaisikiliza.

“Yupo,” Kipanga alisema. “Hana pa kwenda.”

Akamwendea, akamfunga pingu za plastiki mikononi. Mzee hakupinga.

“Imetua vizuri?” akauliza.

“Imetua vizuri, Mwalimu.”

“Ulitakiwa kunipiga.”

“Kuna mama wa Mrefu,” Kipanga alisema. “Utamwambia wewe mwenyewe alipozikwa mwanawe. Hiyo ndiyo kazi yako iliyobaki.”

Mwalimu akainamisha kichwa.

Ving'ora vikasikika kwa mbali. Kipanga akachukua sanduku la Matrice yake, akapeana mkono na Baba Pacha, ambaye bado alikuwa ameshika beleshi na kuulizia kama kuna mtu atakayewalipa nauli ya kurudi. Akalipita geti lililovunjika.

Alitembea kwa mwendo wake wa kawaida, katikati ya barabara, mpaka uwanja ukafichwa na kona. Hapo sanduku likaanza kumlemea. Akauhamishia mzigo mkono wa pili, akaendelea kutembea.