Mlinzi wa Sidii

Mama alikuwa anasugua sufuria huku akiimba, na alipofika kwenye kiitikio sauti ikakatika, krr, kama bomba lililofungwa. Midomo iliendelea kucheza. Injinia, mwanawe, akachungulia jikoni.

"Mama, umepaliwa?"

"Sijui, baba. Maneno yamegoma kutoka."

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo walimbandika majirani kwa dhihaka, maana shahada yake ya kompyuta ilikuwa imening'inia ukutani miaka, ikiwahudumia buibui. Ila siku ile alijua kwa nini aogope. Asubuhi alikuwa amefanya kitu.

Dada yake, kabla hajafa, alirekodi sidii moja tu. Kampuni ikaitia kufuli: isinakiliwe, isipigwe kwenye kompyuta, ilie kwenye redio ya sidii basi. Eti kuwakomesha wezi! Wezi wanacheza muziki wa dunia nzima mpaka viatu vinaisha soli. Mwenye original, aliyenunua kihalali na risiti mfukoni, ndiye anayeambiwa error, try again. Na hii hata wezi hawakuitaka. Ilibaki ya mama peke yake, imechubuka, inarukaruka. Ikifa hiyo, dada atakuwa amezikwa mara ya pili.

Kwa hiyo alipaka wino wa maka peni kwenye ukingo wa sidii, ujanja wa chuoni wa kulipofua kufuli, akaisukuma kwenye kompyuta. Ikanguruma, ikamaliza. "Yes!" akashangilia. Kisha pakanuka plastiki inayoungua, na ndani ya spika mtu akakohoa: krr. Nakala aliyoipata ilikuwa kimya kitupu, kimya chenye pumzi.

Tangu hapo harufu ile ikahamia jikoni, ikapanda kwenye mapazia, na kila mama alipouvuta wimbo wa binti yake kitu kilimtangulia kooni, akiguna kinaziba, akipiga mluzi kinaziba, hata alipojaribu kugonga mdundo wake mezani kwa kijiko, kijiko kilisimama hewani kana kwamba kimeshikwa na mkono mwingine, mkono mkavu, usio na haraka, wa mtu aliye kazini.

Wakamwita mganga, bibi mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba. Akanusa sidii, akanusa koo la mama.

"Huyu jini hana ubaya," alinong'ona. "Ni mlinzi. Kaambiwa wimbo usirudiwe. Wewe ukambomolea geti, sasa anaulinda popote ulipo, hata kifuani mwa mzazi."

"Mtoe, bibi."

"Wa kumtoa ni aliyemweka."

"Kampuni ilishakufa zamani!"

"Basi hakuna aliyemwambia zamu imeisha." Bibi akavua miwani. "Ivunjeni. Akikosa lindo ataondoka. Ila hatatoka mikono mitupu."

Injinia akamtazama mama. Mama akaibeba sidii kwa viganja viwili kama anavyobebwa kitoto kichanga.

"Nimsikie kwanza," alisema.

Wakaipiga redioni, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na palipochubuka binti alirukaruka kama anacheka. Kisha mama mwenyewe akaivunja kwa goti lake. Hakutaka kusaidiwa.

Harufu ikatoka kupitia dirishani. Mama akavuta pumzi, akaimba kiitikio chote, sauti imekwaruza, ufunguo wa wimbo umepotea, na hakuna kilichomkata. Injinia akacheka na machozi yake.

"Mama, umeua! Ungerekodi wewe."

"Nyamaza, mpuuzi. Mwenyewe alikuwa..." Mama akafungua kinywa alitaje jina la binti yake.

Krr.

Akajaribu tena. Midomo ilicheza tu. Injinia akalinyakua jalada la sidii: picha ya dada ilikuwepo, anatabasamu, lakini juu ya picha, palipokuwa na jina kwa herufi nyekundu, palikuwa peupe.

Akajaribu yeye kulitaja, jina alilolipigia kelele uani utoto wake wote. Krr.

Mama akamshika kidevu.

"Tena, baba," alinong'ona. "Mwite tena."