Ruhusa Huku, Kesi Kule

Kila asubuhi Phikul aliamshwa na ugomvi. Mama yake, Mama Chuan, aligombana kwanza na muuza mifupa. Akitoka hapo anagombana na muuza vitunguu. Akiwamaliza hao, anamgeukia binti yake.

"Tambi hazijachambuliwa! Mlango haujafunguliwa! Nani afungue, paka?"

"Nakuja, Mama."

"Unakuja na hiyo simu mkononi? Simu ndiyo itaosha bakuli?"

Duka lao la supu ya tambi lilikuwa nyuma ya soko, mjini Hat Yai, kusini mwa Thailand. Meza saba tu. Lakini Jumamosi watu walipanga foleni mpaka barabarani. Jumamosi ndiyo siku ya mabasi kutoka Malaysia. Watu wa Penang wanavuka mpaka, wanakula, wananunua, wanakandwa miguu, na Jumapili wanarudi kwao.

Basi la kwanza kufika lilikuwa la Teoh. Teoh alikuwa dereva mnene, mcheshi, mwenye sauti ya honi. Kwa miaka kumi na moja alikula kwa Mama Chuan kila Jumamosi. Akishusha abiria wake arobaini, anawaambia, "Hapa ni kwa dada yangu. Mkipata supu tamu kuliko hii, njooni mnizabe kofi!"

Supu hiyo ilikuwa na siri. Mama Chuan aliachiwa siri hiyo na mama mkwe wake. Kwa wapishi wa supu wa mji ule, kilichomo kwenye sufuria hakisemwi. Humwambii mteja, humwambii jirani. Hata Phikul, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, alikuwa hajaambiwa.

"Utaambiwa siku nitakayokukabidhi mwiko," mama yake alisema. "Na siku hiyo bado."

Basi, mwezi wa sita mwaka 2022, serikali ikaitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya. Weee! Mji uligeuka kijani. Kila kona duka, kila duka picha ya jani. Simu ya Phikul haikupumua. Video hii inasema bangi sasa ni mboga tu. Video ile inasema inaponya kila kitu. Nyingine inasema hakuna sheria tena, vuta popote. Phikul alizitazama zote, akasambaza nusu yazo.

Mama yake akamwomba amwandikishe kwenye simu, kama serikali ilivyotaka. Miche sita ya bangi, nyuma ya jiko. Dakika tano, kazi imekwisha.

"Ya nini, Mama?"

"Ya chai. Magoti yananiuma."

Miche ikanenepa. Foleni nayo ikanenepa. Watu walikula bakuli mbili mbili. Walicheka bila sababu. Wengine walisinzia pale pale mezani. Phikul aliwapiga picha akazirusha mtandaoni, na wageni wakazidi kumiminika. Hakujiuliza kitu. Nani anauliza biashara inapochangamka?

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, Teoh alifika bila basi. Alikuja na mkewe, Gek Choo. Hakusalimia. Hakuunganisha viganja kifuani kama siku zote. Alisimama katikati ya duka, uso mwekundu.

"Chuan yuko wapi?"

"Yuko jikoni, mjomba. Karibu ukae, nikuletee..."

"Usiniletee kitu! Sitii kitu chenu mdomoni! Mwite!"

Watu waliacha kula. Mama Chuan akatoka anafuta mikono kwenye aproni.

"Teoh, umekunywa nini leo?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe!" Teoh akapiga meza, vijiti vya kulia vikaruka. "Kampuni inatupima mkojo sisi madereva. Jumatatu wamenipima. Wamekuta bangi. Bangi, mimi! Sigara yenyewe sijawahi kuvuta!"

"Sasa supu yangu inahusika vipi?"

"Jumamosi nilikula hapa. Jumapili asubuhi nilikula hapa. Jumatatu nimepimwa. Niambie nilikula wapi pengine!"

Gek Choo akasema, kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ilitisha zaidi. "Wamemsimamisha kazi. Alhamisi ijayo wanakaa kuamua. Wakimfukuza kwa bangi, hakuna kampuni nyingine itakayompa basi. Ana miaka hamsini na minne. Ataendesha nini, toroli?"

"Mimi sijui mambo yenu ya huko," Mama Chuan akajibu. Lakini hakumtazama usoni.

Phikul aliona. Mama yake, anayemkazia macho hata polisi wa trafiki, alikuwa anatazama sakafu.

Phikul akaingia jikoni mbio. Akachukua upawa mrefu, akakoroga mpaka chini ya sufuria kubwa. Mfupa. Figili. Kisha kitu laini, kizito. Akakivuta. Kilikuwa kifuko cha kitambaa, kimefungwa kwa uzi. Akakikata kwa kisu.

Majani ya bangi. Konzi mbili nzima. Na katikati ya majani, maua yake.

Alirudi dukani na kifuko kinachuruzika, akakibwaga mezani mbele ya wateja wote.

"Hii ndiyo chai ya magoti, Mama?"

Mteja mmoja akasukuma bakuli lake mbali. Mwingine akamnyang'anya mwanawe kijiko.

"Ndiyo siri yenyewe!" Mama Chuan akalipuka. "Umefurahi? Bibi yako alitia majani matatu, manne, tangu zamani, kwa kujificha. Wazee wote walitia! Supu inakuwa tamu, mtu anapata hamu ya kula. Sasa imeruhusiwa. Wewe mwenyewe umeniandikishia kwenye simu yako!"

"Nimekuandikishia miche! Sikukuandikishia kuwalisha watu kwa siri! Na hiki kifuko si majani matatu! Na maua je? Bibi alitia maua?"

"Watu walipenda..."

"Watu hawakujua!"

"Kwani nawatajia pilipili? Nawatajia mdalasini? Ni kiungo!"

"Mdalasini unamfukuzisha mtu kazi?" Teoh alinguruma. "Niambie!"

Kelele zilifika barabarani. Dada Ratri akaingia. Ratri aliuza maandazi duka la pili, lakini pia alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa. Wote walimjua. Ndiye anayepima watu presha na kukagua madimbwi ya mbu. Alitazama kile kifuko, akavuta pumzi.

"Shangazi Chuan. Zima moto wa sufuria kwanza."

"Na wewe umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukwambia nililokwambia mwezi wa saba, ukaniambia niende nikauze maandazi." Ratri alikuwa na hasira pia, ila yake ilikuwa ya kupanga maneno. "Kupanda nyumbani umeruhusiwa, sawa. Kupikia wateja ni jambo jingine. Duka la chakula linaruhusiwa majani, si maua. Na ni jani moja kwa bakuli, si konzi. Na lazima ubandike ubao: chakula hiki kina bangi, kiasi hiki. Watoto wasile. Mjamzito asile. Anayenyonyesha asile. Mteja asome, achague mwenyewe."

"Mbona sikuona hayo kwenye simu?" Phikul akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kwa sababu uliangalia video za wauza bangi! Uliuliza ofisi ya afya? Iko nyuma ya stesheni, wanajibu bure. Hata wageni wanadanganyika hivyo hivyo. Mtu anaona jani kila mlango, anadhani kila kitu ruhusa. Anavuta barabarani, moshi unawasumbua watu, anakamatwa. Anasahau kipande kwenye begi, anavuka nacho mpaka, na ng'ambo hawacheki na mtu. Malaysia bangi ni kosa kubwa. Singapore ni zaidi: raia wao akitumia huku, akirudi kwao ana kesi kama aliyetumia nyumbani. Sheria yetu inaishia mpakani, Shangazi. Mkojo wa Teoh hauishii mpakani."

"Basi serikali ingesema!" Phikul alifoka. "Inafungua mlango, halafu inajificha nyuma yake! Leo hivi, kesho vile!"

"Kweli. Mimi mwenyewe nakasirika. Bado wanabishana bungeni, na mwakani inaweza kugeuka tena. Ndiyo maana naenda kuuliza kila mwezi. Lakini hili la leo halihitaji bunge. Kumlisha mtu kitu asichokijua ni ubaya, sheria iwepo isiwepo."

Phikul hakungoja. Alikamata masikio ya sufuria kwa matambara mawili, akaikokota mpaka mlango wa nyuma, akaimwaga yote kwenye mfereji. Mvuke ukapanda. Mama Chuan alipiga yowe kana kwamba kamwagwa mtu.

"Wewe mtoto! Ile ni supu ya bibi yako!"

"Bibi angekuzaba na upawa!"

Walitazamana, wanahema. Teoh akatoa karatasi tupu mfukoni, akaiweka mezani.

"Andika," akasema. "Andika kwamba ulitia wewe, na kwamba mimi sikujua. Nikaisome Alhamisi."

Mama Chuan akatikisa kichwa. "Nikiandika, ofisi ya afya itanifungia duka. Na mji mzima utaijua supu yangu. Siwezi, Teoh. Omba kingine chochote."

"Sitaki kingine." Sauti ya honi ilikuwa imekwisha. "Nimewaambia mabosi, wamecheka. 'Kila mla bangi anasema alilishwa.' Mwanangu mkubwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Hata huyu," akamnyooshea kidole mkewe, "usiku wa kwanza aliniuliza mara mbili. Dunia nzima, Chuan, kuna mtu mmoja tu anayejua mimi si mwongo. Ni wewe."

Mama Chuan alikaa kitako kwenye kiti cha mteja. Phikul hakukumbuka lini alimwona mama yake amekaa saa za kazi. Alikaa hivyo anasugua kidole gumba.

Kisha akafungua aproni.

"Si hapa," alisema kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliokosea. "Karatasi ya mezani wataicheka vile vile. Tunakwenda ofisi ya afya. Wapige muhuri. Ratri, ongoza njia! Phikul, beba hicho kifuko! Mbona mmesimama kama milingoti?"

Wakaenda kwa miguu, watu watano, juani. Mama Chuan alitembea mbele, akampita hata Ratri.

Ofisini palikuwa na zamu ya Jumamosi. Afisa kijana alimsikiliza, akachukua kifuko kama ushahidi, akaanza kuandika. "Taja vyote vilivyomo kwenye supu," akasema.

Mama Chuan akageuka kumtazama binti yake. Halafu akataja. Mifupa ya nguruwe. Figili nyeupe. Mizizi ya giligilani. Mdalasini. Kitunguu saumu cha kuchoma na ganda lake. Sukari ya mnazi. Bangi, majani na maua. Phikul alisimama pale anaisikia siri ya bibi yake mbele ya mtu asiyemjua, ikigongwa kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Hasira yake haikuisha. Ila ilibadilika, ikawa na uchungu ndani yake.

Afisa akapiga muhuri. Nakala moja akampa Teoh. Nyingine akamkabidhi Mama Chuan, pamoja na amri ya kufunga duka wiki mbili na kuhudhuria mafunzo ya wapishi.

"Wiki mbili!" Mama Chuan akang'aka.

"Mimi nimesimamishwa na sijui mwisho wake," Teoh alimkatiza. "Nyamaza."

Mama Chuan akaikunja ile amri.

Alhamisi ile kampuni iliisoma barua, lakini haikumrudisha Teoh papo hapo. Walisema wampime tena baada ya mwezi. Mwezi mzima alikaa nyumbani. Alipopimwa, mkojo ulikuwa safi. Barua na kipimo vikawekwa pamoja, na Teoh akarudishiwa funguo.

Duka nalo likafunguliwa. Miche nyuma ya jiko iliondolewa, na Phikul akaenda kufuta jina la mama yake kwenye ile orodha ya wapandaji. Mama Chuan aliamua mwenyewe: supu ya mifupa, bangi hapana, hata jani moja. "Wateja wangu wanavuka mpaka," alisema, "siwezi kuwapa kitu cha kuwafuata nyumbani." Utamu ulipungua kidogo mwanzoni. Akaongeza kitunguu saumu. Foleni ikarudi, fupi kuliko ya zamani, lakini hakuna aliyesinzia mezani.

Phikul alifuta video zake zote za majani. Akabandika ubao mkubwa mlangoni kwa lugha nne: CHAKULA CHETU HAKINA BANGI. UKILA PENGINE, ULIZA KWANZA. USIVUTE HADHARANI. USIVUKE NAYO MPAKA. SHERIA HUBADILIKA, ULIZA OFISI YA AFYA. Chini akaandika namba ya simu ya ofisi.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, honi ilipigwa nje. Teoh alishuka. Hakuingia. Aliwapanga abiria wake mbele ya ubao, akaanza kuwasomea kwa lugha ya kwao, mstari kwa mstari, kwa sauti yake yote.

Kijana mmoja mwenye miwani akalalamika. "Mjomba, jua kali! Tumekuja kula, hatukuja shule."

Teoh akamgeukia, mishipa ya shingo imemsimama.

"Simama hapo usikie! Mimi hakuna aliyenisomea!"

Akasoma mpaka mstari wa mwisho. Akataja namba ya simu, akaitaja tena. Kisha akaingia, akavuta kiti, akakaa.

Mama Chuan alimletea bakuli mwenyewe. Hakurudi jikoni. Alisimama pembeni ya meza, mikono nyuma, mpaka Teoh aliposhika vijiti.