Hodi ya Kisimani

Haya alinisimulia rafiki yangu Kioko, fundi wa mabomba anayeishi Chaani. Alikuwa amekwenda Mjambere kufunga machujio ya maji kwenye kisima cha Mama Kafedha, mjane aliyebaki peke yake katika nyumba ya vyumba sita.

Alasiri alichomoa waya wa pampu, akainama kuchungulia kisimani. Chini kulikuwa giza tupu. Mara sauti ya mtu mzima ikatoka humo, taratibu: “Hodi.”

Kioko akadhani ni mgeni langoni. Mama Kafedha akatikisa kichwa.

“Ni huko huko chini, mwanangu. Huu mwaka wa pili. Sijawahi kuitikia.”

“Kwani ni nani, mama?”

“Sijui. Lakini hakuna mwingine anayenibishia hodi.”

Kioko alikaza machujio haraka haraka. Hodi ikaja mara ya pili, kisha ya tatu. Mama Kafedha akaketi ukingoni mwa kisima, akajifuta macho kwa leso, akasema kwa upole, “Karibu.”

Pampu ilikuwa bado imechomolewa. Kioko aliyaona machujio yakijaa maji, halafu ndani ya ile nyumba tupu akasikia mfereji wa jikoni ukifunguliwa.