Daraja Juu ya Kamba

Asubuhi katika ua wa Baba Pacha huanza na maji. Baba Pacha ni dobi, kama alivyokuwa baba yake. Hufua mashuka, foronya na taulo za nyumba ya wageni iliyo mtaa wa juu. Akishafua husuuza, akishasuuza hukamua, kisha huanika. Kamba zake zinakatiza ua kwa upana, mstari nyuma ya mstari. Jua likipanda ua mzima huwa mweupe, na anayetaka kupita lazima ainame.

Mwisho wa ua kuna chumba cha pasi. Kimejengwa kwa mabati, kuta na paa. Humo ndimo Mama Pacha anamoshinda, mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mtaa wao uko bondeni, na mtandao wa simu hufika kwa kusuasua. Ukikutana na mabati, haufiki kabisa. Sebuleni wana intaneti iliyoletwa kwa waya hadi kwenye ruta, lakini haivuki ua. Kwa hiyo simu ya Mama Pacha ikiwa mezani pa pasi, ni kama kipande cha sabuni.

Jambo hili lilikuwa karibu kuwaponza. Meneja wa nyumba ya wageni hutuma maagizo yake kwa simu. Leo anataka taulo zitangulie, kesho anataka mashuka ya vitanda vikubwa. Siku moja ujumbe wake ulikaa tangu asubuhi bila kusomwa. Wageni wakafika, wakakuta vitanda vitupu. Meneja akashuka mwenyewe hadi pale uani.

"Mama Pacha, kazi yenu ni safi, sina neno," alisema. "Ila siwezi kufanya kazi na watu wasiojibu. Ikitokea tena, nitatafuta dobi mwingine."

Alisema hivyo kwa upole, akaondoka. Upole wake ndio uliowatisha. Wateja wengine walikuwa wa shati moja leo, gauni moja wiki ijayo. Nyumba ya wageni ndiyo iliyowalisha.

"Tuvute waya mpaka chumba cha pasi," alisema Baba Pacha jioni.

"Tulivuta. Mkokoteni ukaukata."

"Mkokoteni wa nani?"

"Wako."

 Kesho yake Baba Pacha alikwenda dukani, akarudi na boksi. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili vyeupe vinavyofanana kila kitu. Mama Pacha akavitazama.

"Pacha wengine," akasema. "Hawa angalau hawali."

"Hili ni daraja lisilo na waya," alisema mumewe. "Kimoja kinakaa ukutani kwa nyumba, kingine kwenye chumba cha pasi. Intaneti inavuka hewani."

"Nani atafunga? Tumwite Minara?"

Minara alikuwa jirani yao, mwanamke fundi anayepanda minara ya simu. Mtaa mzima ulimwita kwa jina la kazi yake.

"Minara ana shughuli zake," alisema Baba Pacha. "Mimi nimefunga bomba, nimefunga taa, nimefunga huo mlango unaoupita kila siku."

"Unakwaruza."

"Lakini unafungwa."

Alivifunga Jumapili, siku ambayo hafui. Aliviweka usawa wa kifua, ili avifikie bila ngazi na wezi wasivione kutoka barabarani. Taa zikawaka. Simu ya Mama Pacha ikalia ndani ya mabati kwa mara ya kwanza. Baba Pacha akatembea uani, mikono nyuma, kama mheshimiwa aliyezindua barabara.

Jumatatu asubuhi intaneti ikakatika. Jioni ikarudi. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Baba Pacha akalaumu jua. Akalaumu duka. Akalaumu redio ya kinyozi aliyepakana nao. Mwishowe akagundua kitundu kidogo nyuma ya kila kifaa. Aliwahi kusikia kwamba ukibonyeza humo kwa pini, kifaa hupona. Akabonyeza vyote viwili. Tangu hapo hata jioni haikurudi.

Siku hiyo meneja alituma ujumbe tena. Mama Pacha aliuona kwa sababu tu alikuwa ametoka kwenda kunywa maji nyumbani.

"Leo ni bahati," alimwambia mumewe. "Na bahati hatujaiajiri. Unamwita Minara au niende mimi?"

Baba Pacha akavaa viatu.

Minara alikuja asubuhi, begi la vifaa begani na kompyuta mkononi.

"Shemeji, umeniita kwa hiari yako?"

"Nimekuita kijirani."

"Kweli, Mama Pacha?"

"Mwache, dada. Ameshanyooka."

Minara akacheka kidogo, akaenda kuvitazama vifaa. Cha chumba cha pasi kilikuwa nje ya ukuta, na waya wake umepita tunduni hadi kwenye kisanduku kinachosambaza intaneti ndani. Akatikisa kichwa kukubali.

"Hapa umefanya sawa. Kingekuwa ndani, mabati yangekiziba. Lakini hiki kitundu cha nyuma umekichokoa?"

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Ukibonyeza pale kifaa kinasahau kila kitu. Vilitoka dukani vikijuana. Sasa havijuani kabisa. Njoo ukae hapa uone, usije ukanisumbua tena."

Baba Pacha akakaa. Minara akaunganisha kifaa cha kwanza na kompyuta kwa waya mfupi. Akaandika namba zilizobandikwa chini yake. Ukurasa ukafunguka.

"Hizi namba ni anwani yake. Sasa tazama cha pili. Namba ni zilezile. Nyumba mbili zikiwa na namba moja, mleta mzigo atabisha wapi?"

"Atarudi nao."

"Basi cha pili tunakipa anwani nyingine. Kisha tunagawa kazi. Hiki cha nyumbani, kilicho karibu na ruta, kinarusha. Cha kule kinapokea. Ukiviacha vyote virushe, ni watu wawili wanaosema pamoja, hakuna anayesikiliza."

"Hapo nimeelewa," alisema Mama Pacha kutoka mlangoni. "Hayo nimeolewa nayo."

Baba Pacha akajifanya hajasikia.

"Sasa jina la mtandao na neno la siri," Minara akaendelea. "Viwe sawa pande zote mbili, la sivyo havitakutana. Na neno la siri la kufungulia ukurasa huu, lile la kiwandani, tunalitupa. Hilo kila mtu analijua."

"Niweke Mama Pacha."

"Hilo mtaa mzima unalo. Weka refu, lenye herufi na namba. Na usilibandike ukutani."

Baba Pacha akafikiri sana, akaandika taratibu kwa kidole kimoja, huku ameziba kioo kwa kiganja. Minara akageuka pembeni. Kisha wakavirudisha vifaa ukutani, vikatazamana uso kwa uso. Kila kimoja kilikuwa na taa nne za kuonyesha nguvu ya mawimbi. Zote nne zikawaka.

"Imekwisha," alisema Minara, akaanza kukunja waya zake.

Baba Pacha akashika beseni lake. Mashuka yalikuwa yamesubiri tangu alfajiri. Akaanika mstari wa kwanza, akaanika wa pili. Hakuwa amemaliza wa tatu Mama Pacha aliposema, "Imekatika."

Minara akarudi. Akakagua waya, zilikuwa zimekaza. Akafungua ukurasa, akausoma toka juu hadi chini.

"Mipangilio haina kosa," alisema.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha pasi. Kutoka pale hakuiona nyumba. Aliona mashuka tu.

"Baba Pacha, anua hilo la mbele."

"Ndiyo kwanza nimelianika."

"Anua."

Akaanua. Taa moja ikawaka. Akaambiwa aanue la nyuma yake. Ikawaka ya pili. Minara akaja kusimama kando ya Mama Pacha.

"Anika tena," alisema. Baba Pacha akaanika, na taa zikazimika moja moja.



"Mti kuzuia mawimbi, ninajua," alisema Minara. "Ukuta ninajua. Mashuka nimeyaona leo. Shuka kavu si kitu, mawimbi yanapenya. Lakini shuka bichi limejaa maji, na maji yanayameza. Jumapili ulipofunga, ulikuwa umeanika?"

"Jumapili sifui."

"Na jioni?"

"Jioni yamekauka, nimeshaanua."

Baba Pacha akaweka beseni chini. "Kwa hiyo kila asubuhi ninajenga ukuta kwa mikono yangu," alisema, "halafu ninamlaumu kinyozi."

"Utamwomba radhi," alisema mkewe. "Sasa tunafanyaje? Kuanika hatuwezi kuacha."

"Mashuka yabaki yalipo. Daraja lipande," alisema Minara.

Walizima umeme kwanza. Wakafunga bomba la chuma kwenye ukuta wa nyumba, na jingine kwenye nguzo imara ya chumba cha pasi. Minara akapanda na mkanda wake kiunoni, Baba Pacha akashika ngazi. Vifaa vikawekwa juu sana kuliko kamba.

"Mbona juu hivyo? Si mawimbi yapite tu juu ya shuka?"

"Mawimbi hayapiti kama uzi, shemeji. Yanatanuka njiani. Yanataka nafasi juu na chini."

Kila waya, kabla haujaingia tunduni, waliuacha uning'inie kitanzi kidogo, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya hadi ndani. Kila bomba likaunganishwa na waya mnene uliozikwa ardhini kwa ajili ya radi.

"Na wezi?" aliuliza Baba Pacha.

"Watahitaji ngazi. Yako ifungie ndani."

Umeme ukawashwa tena, vifaa vikageuzwa polepole, kulia, kushoto, mpaka taa nne zikawaka. Baba Pacha akataka kushangilia. Minara akamzuia.

"Ua uko mtupu. Hivi ndivyo ulivyodanganyika Jumapili. Anika mashuka yote, yakiwa bado yanachuruzika, halafu tuone."

Akaanika yote. Ua ukawa mweupe. Wakatazama juu. Taa nne zilikuwa pale pale.

Siku iliyofuata, mashuka yakiwa bado yanadondosha maji, simu ya Mama Pacha ililia mezani. Meneja alikuwa amebadili mpango: kundi la wageni lingefika mchana, si jioni. Alitaka mashuka ya vitanda vikubwa kabla ya kitu kingine chochote. Mama Pacha akasimamisha pasi. "Yatakuwa tayari," akajibu, akasogeza kando foronya alizokuwa ameanza.

Mchana meneja akashuka mwenyewe na gari. Akakuta mashuka ya vitanda vikubwa yamekunjwa na kufungwa, yanamsubiri mlangoni. Akapitisha kiganja juu ya lile la kwanza. Hakusema habari ya ujumbe, wala ya dobi mwingine. Dereva akapakia. Meneja akafungua mlango wa gari, kisha akageuka.

"Na mapazia, mnafua?"

Mama Pacha akamtazama mumewe. Baba Pacha akatazama kamba, akatazama vile vifaa viwili kule juu, akapima kwa macho.

"Tunafua," alisema. "Hata yawe marefu namna gani."