Wote Wamo

Kila asubuhi Chiriku, kiranja wa darasa la sita, aliwahesabu wenzake mstarini kabla ya kuingia darasani. Jina hilo alibandikwa kwa maneno yake mengi. Siku ya ziara ya kuzunguka fukwe na ghuba za kisiwa chao, mwalimu wa jiografia alimkabidhi kazi ileile.

"Kila tukipanda basi, uhesabu. Arobaini na mmoja, asipungue hata mmoja."

Ghuba ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili ilikuwa na maji maangavu na mapango chini ya jabali. Watoto wakasahau hata njaa. Filimbi ilipopulizwa, Chiriku alitoka mbio awahi kiti cha dirishani.

"Wote wamo?" mwalimu aliuliza.

"Wote wamo, mwalimu," alijibu bila hata kugeuza shingo.

Kwenye ufuo wa tatu waligawiwa chakula. Kifurushi kimoja kikabaki. Kilikuwa cha Kimya, mwenzake Chiriku wa dawati moja. Chiriku angeweza kuapa kwamba alimwona akipanda.

"Mwalimu," alisema, "sikuhesabu."

Basi liligeuzwa mbiombio kurudi kwenye mapango. Bahari ilikuwa imejaa, mchanga wote umemezwa. Walimkuta Kimya amekumbatia jiwe mdomoni mwa pango, maji yamemfika kifuani, miguu imechanwachanwa na matumbawe. Dereva alijitosa, akambeba. Mtoto hakulia. Alimtazama Chiriku tu, na Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kusema kweli kwako kumemwokoa," mwalimu alimwambia njiani. "Lakini uongo wako ndio uliomwacha pale. Na mimi nilikuamini bila kuhakikisha. Hilo nitalijibu mwenyewe kwa wazazi wake."

Kimya alikaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi shuleni, aliomba ahamishiwe dawati jingine. Jioni hiyo Chiriku alikwenda kwao Kimya kuomba radhi. Mama yake Kimya alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Miguu yake imepona, mwanangu. Lakini sasa hata maji ya kuoga anayaogopa. Nimekusamehe mimi. Yeye hajaweza, wala sitamlazimisha. Siku nyingine ukikabidhiwa watu, wahesabu kwa macho yako, siyo kwa mdomo."

Akaufunga mlango polepole, na Chiriku akarudi kwao peke yake.