Joto la Pikapu ya Maziwa

Kila asubuhi wakati wa likizo, Gumato alipanda pikapu kuukuu pamoja na mama yake, wakatoka Garsen kwenda kuchukua maziwa katika vijiji vya wafugaji kwenye njia ya Chara. Mama yake, Sabdio, ndiye aliyeendesha. Wanawake wa vijijini walikuwa wameshakamua alfajiri, nao waliwangoja kando ya barabara na mitungi yao. Gumato, aliyekuwa gredi ya saba, aliipanga mitungi nyuma na kuifunga kwa kamba ili isianguke. Alikuwa na kazi nyingine pia. Kabla ya safari, injini ikiwa bado baridi, alitakiwa kufungua kifuniko cha rejeta, chombo cha maji yanayopoza injini, na kuangalia kama maji yamepungua.

Tatizo lilianza baada ya mvua. Udongo mweusi uligeuka matope mazito, na pikapu ikawa inatambaa. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu. Mama alizima injini, wakasubiri ipoe.

"Rejeta imekufa hiyo," alisema Abdikadir, dereva wa lori la mifugo, aliyesimama kuwasaidia. "Badilisheni tu, mtanishukuru."

Wakabadilisha. Katika safari ya kwanza tu, mshale ukapanda tena.

Siku moja walikuwa wamembeba Kadra, mmoja wa wanawake wenye maziwa, aliyekuwa akienda sokoni. Pikapu ilipata joto mara mbili njiani. Mara ya pili jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Gumato alichoka kungoja. Alichukua kitambaa, akafungua boneti, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Gumato! Acha!" Mama alimshika mkono kwa nguvu. "Maji ya humo ndani yamebanwa na joto. Ukifungua sasa yatakurukia usoni, na ngozi yako itabambuka. Tutangoja."

Wakangoja. Walipofika Garsen, maziwa yalikuwa yameharibika. Wenye mikahawa waliyaonja, wakatikisa vichwa.

Kadra alishusha pumzi. "Sabdio, wewe ni dada yetu," alisema taratibu. "Lakini hatuwezi kukamua ili tumwage. Yakiharibika tena, tutampa mtu wa pikipiki ayabebe."

Mama alirudi kwenye pikapu. Aliendesha moja kwa moja hadi gereji ya Fundi Jilo. Gumato alimtazama akiminya usukani kwa mikono miwili, akajua kwamba ameogopa.

Fundi Jilo aliizunguka pikapu bila haraka. "Mama Gumato, kabla sijagusa kitu, niambie. Maji yanapungua?"

"Muulize huyu," Mama alisema, akimwekea Gumato mkono begani. "Kazi ya maji ni yake, na anaifanya kila asubuhi."

Mama na Fundi wakamgeukia. Gumato alihisi masikio yakimwaka. Tangu rejeta mpya iwekwe, hakuwahi kukifungua kile kifuniko hata mara moja. Kila asubuhi alijiambia kwamba rejeta mpya haiwezi kuvuja, akarudi kumalizia chai yake.

"Yanapungua sana," akasema. "Naongeza kila siku."

Fundi akakuna kidevu. "Basi pampu ya maji inavuja. Itabidi niifungue, na nyingine itoke Malindi. Gari litalala hapa siku kadhaa."

Mama alifumba macho. "Siku kadhaa? Wale wanawake hawatanisubiri."

Fundi alikwisha kuchukua spana. Wakaingoja injini ipoe. Gumato alisimama kando. Akilini alimwona Kadra akimwaga maziwa yake. Alimwona mama yake bila kazi. Fundi alipoinama kwenye injini, maneno yakamtoka.

"Fundi, ngoja! Nimesema uongo. Sijaongeza maji. Sijaangalia kabisa tangu tuweke rejeta mpya."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, na mtazamo ule ulimuuma Gumato kuliko kofi.

"Hujaongeza hata kidogo?" Fundi aliuliza.

"Hata tone."

"Basi tuone." Fundi aligusa rejeta kwa kiganja kuhakikisha imepoa, ndipo akafungua kifuniko. Maji yalikuwa yamejaa hadi shingoni.

Akaiweka spana chini. "Hakuna kinachovuja. Nilikuwa karibu kuipasua pampu nzima. Sasa binti, niambie ulichokiona kwa macho yako. Mshale unapanda wakati gani?"

Gumato alifikiri kabla ya kujibu. "Tukiwa kwenye matope, tunakwenda polepole. Na tukisimama kupakia mitungi bila kuzima injini. Tukishika lami, Mama akikaza mwendo, unashuka wenyewe."

"Hapo sasa!" Fundi akatabasamu.

Aliwasha injini, akaiacha ingurume mpaka mshale ukaanza kupanda. Kisha akaizima, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. "Usiguse feni kamwe ufunguo ukiwa ndani," alionya. "Sasa isukume."

Gumato alisukuma panga moja la feni. Likazunguka na kuzunguka, jepesi kama karatasi kwenye upepo. Fundi akampeleka kwenye gari jingine lililokuwa limetoka safari wakati huo huo, akachomoa ufunguo wake pia. Gumato alisukuma feni ya gari hilo. Ilisogea kidogo, ikakwama.

"Hii inashikwa," Gumato alisema. "Yetu haishikwi na kitu!"

"Ndiyo. Gari likienda mbio, upepo wa njiani unaipoza rejeta. Likienda polepole, linategemea feni. Na klachi inayoishika feni yenu imechoka, kwa hiyo feni inazunguka bila nguvu."

Nyuma ya gereji kulikuwa na gari bovu la aina ile ile. Fundi alitoa klachi yake, akaikagua vizuri, akaifunga kwenye pikapu. Injini ilipopata joto, feni ilivuma kwa kishindo. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia.

Kesho yake matope yalikuwa yale yale. Pikapu ilitambaa, ikasimama kupakia, ikatambaa tena, na Gumato hakuondoa macho kwenye mshale. Haukugusa nyekundu. Walipofika Garsen, mwenye mkahawa wa kwanza alionja maziwa, akaita wenzake. Mitungi yote ikaisha.

Walipokuwa wakisuuza mitungi, Mama alisema, "Jana ulinikasirisha. Nilikuamini na kazi, ukaiacha. Hilo bado hatujalimaliza, na kuanzia kesho nitakuwa nakagua mwenyewe nyuma yako."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ulisema kweli wakati ilikuwa rahisi zaidi kunyamaza. Lakini kumbuka jambo moja, mwanangu. Fundi hutengeneza kile anachoambiwa, na daktari hutibu kile anachoambiwa. Ukimpa uongo, atatibu uongo, na ugonjwa utabaki pale pale."

Gumato aliitikia kwa kichwa, akauinamisha mtungi wa mwisho maji yachuruzike.